Nafasi Moja katika Kiwanda cha Njegere

Hadithi hii ina swali mwishoni, na jibu lake sinalo. Nitaliomba kwenu, wakubwa kwa wadogo. Kwa hiyo msikilize kama watu watakaoulizwa.

Walikuwapo watu watatu katika kaunti ya Lincolnshire, mashariki ya Uingereza, nchi tambarare kama meza, ambako kabichi na njegere hulimwa hadi macho yachoke kutazama. Wote watatu walikuwa wakifanya kazi katika kiwanda kimoja cha kugandisha mboga, wote kwa mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa na sheria, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Clive Bratley, mzee wa miaka sitini na miwili, mzaliwa wa hapo hapo. Yeye alijaliwa sikio. Kwa miaka ishirini na minane aliitunza mitambo ya baridi ya kiwanda kile bila cheti chochote, kwa sababu alifundishwa na fundi aliyemtangulia, kama yule naye alivyofundishwa na wa kabla yake. Angesimama nje ya mlango, mikono mfukoni, akakwambia beringi ipi imeanza kuchoka. Kisha wenye kiwanda wakaona bora mitambo ihudumiwe na kampuni ya mji wa mbali, inayotuma mtu mara moja kwa mwezi. Clive akaachishwa kazi. Baada ya miezi mitatu akarudi kupitia wakala wa ajira, akakabidhiwa ufagio.

Wa pili ni Daiva, mama wa makamo kutoka Lithuania. Yeye alijaliwa ulimi. Miaka kumi na miwili mbele ya mkanda unaopitisha njegere ilimfundisha Kipolandi, Kiromania na Kireno, juu ya lugha ya mama yake, Kirusi cha shuleni na Kiingereza. Mgeni akifika kutoka Timor, kisiwa cha Asia wanakojua Kireno, hajui hata kuuliza choo kilipo, anapelekwa kwa Daiva. Ugomvi ukizuka, Daiva aitwe. Fomu isipoeleweka, Daiva. Kwa yote hayo alilipwa sawasawa na mtu anayechambua njegere tu, na alipoomba uongozi wa zamu aliambiwa Kiingereza chake cha kuandika ni dhaifu.

Wa tatu ni Atuganile Mwaisumo, mzaliwa wa Tukuyu. Yeye alijaliwa mikono. Alisomea ufundi wa mitambo ya baridi, akafanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha maziwa kule Iringa, na wanaume waliomcheka siku ya kwanza walikuja kumwita "Fundi" bila kutania. Mumewe alipopata kazi ya uuguzi Uingereza, akamfuata na vyeti vyake ndani ya bahasha ngumu ili visikunjike. Katika ofisi ya wakala, msichana wa mapokezi alivigeuza mbele na nyuma, akamrudishia.

"Hivi hatuvijui," alisema. "Unaweza kusimama kwa muda wa saa nane?"

Akasimama. Mwaka wa pili huo, kofia ya plastiki kichwani, akitoa njegere za manjano katikati ya za kijani. Kila siku akienda kula alipita kwenye dirisha la chumba cha mitambo, akaona mishale ya vipimo imelala mahali isipotakiwa kulala, na hakuna wa kumwambia. Aliwahi kumweleza meneja, kijana mmoja aitwaye Gareth Pell. Gareth akatabasamu, akamwambia ni vizuri kuwa na ari. Atuganile alilibeba neno hilo, ari, mpaka nyumbani, akalitupa mezani mbele ya mumewe kama panya aliyekufa.

Pale kiwandani ni mtu mmoja tu aliyepata kuzungumza naye habari za mitambo, yule mzee wa ufagio. Atuganile alimwita Mzee Clive, na Clive alipoelezwa maana ya neno hilo alilipenda.

Sasa, Jumanne moja ya mwezi wa Julai, saa nne asubuhi, njegere zikimiminika kutoka shambani lori baada ya lori, Clive alikuwa anafagia karibu na chumba cha mitambo. Akasimama ghafla. Kompresa ya pili, mashine inayosukuma amonia ya kugandishia, ilikuwa inagonga. Tok, tok, tok. Wengine walipita pale na hawakusikia kitu. Clive akaenda mbio kwa Gareth.

"Simamisha kompresa ya pili," alisema. "Amonia inaingia ndani ikiwa maji badala ya gesi. Itapasuka."

"Clive, fundi wa kampuni anakuja Alhamisi."

"Alhamisi hatutaifikia."

"Na wewe una ufagio mkononi. Urudi kazini, tafadhali."

Clive hakurudi kazini. Alikwenda kwenye mkanda, akamshika Atuganile begani. "Bata," alisema, kwani ndivyo watu wa huko humwita mtu kwa mapenzi, msicheke, "njoo usikilize kitu."

Kuacha mkanda bila ruhusa ni kosa. Atuganile aliuacha. Alipofika dirishani aliona barafu nyeupe imepanda juu ya bomba mpaka kwenye mwili wa kompresa, akajua mzee hakukosea. Na papo hapo mashine ikatoa mlio mmoja mkali, na harufu ya amonia ikamchoma pua na macho. King'ora cha gesi hakikulia. Kilikuwa kimezimwa mwezi uliopita, kwa sababu kililia mara kwa mara na kuchelewesha kazi.

"Gesi!" Clive alipiga kelele. "Toeni watu!"

Gareth akachukua kipaza sauti, akatoa maneno mengi kwa haraka, kwa Kiingereza. Watu wakatazamana. Wengine wakaanza kuelekea mlango wa magharibi, waliozoea kutokea siku za mazoezi ya moto, na upepo siku hiyo ulikuwa unaipeleka gesi upande huo huo. Daiva akamnyang'anya Gareth kipaza sauti. Akasema kwa lugha sita, moja baada ya nyingine, polepole kama mama anayewaamsha watoto: acheni kila kitu, mlango wa mashariki, tembeeni, msikimbie. Ukiwatoa Clive na Atuganile, watu arobaini na mmoja walikuwa zamuni. Nje akahesabu vichwa, akapata thelathini na tisa. Dada wawili wa Timor walikuwa ndani ya ghala la baridi wakipanga maboksi. Daiva akarudi ndani, akasimama kwenye mlango wa ghala, akawaita kwa majina kwa Kireno, akakohoa, akaita tena, mpaka wakatokea wameshikana mikono.

Wakati huo huo Atuganile alikuwa amekwisha kupiga kitufe chekundu na kompresa imezimika, lakini gesi ilizidi kutoka, kwa kuwa tangi lilikuwa bado linaisukuma. Ilibidi vali kuu ifungwe kwa mkono. Kabatini mlangoni kulikuwa na barakoa moja yenye kichujio na jozi ya glavu. Clive akanyoosha mkono azichukue.

"Kifua chako kibovu, Mzee," Atuganile alisema. "Niambie ni ipi."

Vali zilikuwa tano zinazofanana, na vibao vyake vilipakwa rangi pamoja na ukuta na watu wasiojua kitu. "Ya tatu kutoka ukutani!" Clive alipaza sauti. "Imegoma! Irudishe nyuma kidogo kwanza, ndipo ufunge!"

Atuganile akavaa barakoa na glavu, akaingia. Gurudumu la vali lilikuwa la baridi kiasi cha kuuma kupitia glavu. Akalirudisha nyuma kidogo, likalegea, akalizungusha mbele. Macho yalikuwa yanamtoka machozi ndani ya barakoa na hakuona vizuri, lakini mikono haikuhitaji macho. Sauti ya gesi ikapungua, ikawa nyembamba kama uzi, ikakatika. Atuganile akatoka, akatapika kwenye majani, na kifundo cha mkono wake, pale glavu ilipoachana na shati, kilikuwa kimeungua.

Zimamoto walifika. Mkuu wao alikagua, akatoka akifuta uso. "Dakika chache zaidi mngekuwa mnabeba maiti," alisema. "Fundi wenu ni nani?"

Gareth Pell alitazama viatu vyake.

Alhamisi aliwaita wote watatu ofisini kwake. Mezani kulikuwa na boksi la chokoleti na karatasi moja.

"Kampuni inawashukuru," alisema. "Tumepata nafasi moja. Fundi wa mitambo ya baridi. Mwaka mmoja wa chuo, unalipiwa, na kazi ya kudumu kwa mshahara karibu mara mbili ya huu. Ila bajeti ni ya mtu mmoja. Nimejaribu kuchagua, nimeshindwa. Ninyi ni marafiki. Andikeni jina moja hapa, kesho saa sita mchana nitakuja kulichukua. Mkishindwa kupatana, nitaitangaza nje." Akaguna kwa masikitiko. "Na mnajua kaunti yetu ilivyo na upungufu wa watu wenye ujuzi."

"Upungufu?" Atuganile alisema. "Watatu hawa hapa mbele yako ni nini?"

"Namaanisha ujuzi uliothibitishwa."

"Ungethibitishwaje zaidi ya Jumanne?"

Gareth akawasogezea chokoleti. Hakuna aliyechukua.

Ijumaa, saa tano na nusu, walikaa kantini, karatasi katikati yao. Mwanzoni walizungumza kwa heshima. Heshima hiyo haikudumu.

"Kazi hiyo ilikuwa yangu," Clive alisema. "Walininyang'anya. Mimi siombi zawadi, naomba wanirudishie."

"Una miaka sitini na miwili, Clive," alisema Daiva. "Mwaka mmoja chuoni, mitatu kazini, unastaafu. Mimi nimewalea watu wa kiwanda hiki miaka kumi na miwili na sijawahi kupewa hata asante ya maandishi."

"Wewe hujui hata kompresa ina nini ndani."

"Nitajifunza! Si ndiyo maana yakaitwa mafunzo? Atu ndiye asiyehitaji kufundishwa. Yeye anahitaji mhuri tu."

"Mhuri tu?" Atuganile alinyanyua mkono wenye bandeji. "Ndani aliingia nani, dada Daiva?"

"Uliingia," Clive alisema. "Na bila mimi ungefunga vali isiyo yenyewe. Bila mimi hata usingejua kuna la kufunga."

"Na bila mimi," Daiva akasema, "wale dada wawili leo wangekuwa wanazikwa. Ukifunga vali maiti hafufuki."

Watu wa meza za jirani walikuwa wamegeuka kutazama. Atuganile akawatazama wenzake, mzee aliyevimba mishipa ya shingo na mama aliyekunja ngumi juu ya meza, na hasira yake aliyokuwa nayo ikageuza uso. Wale wawili Jumanne walikuwa tayari kufa pamoja naye. Leo wanarushiana maiti. Na aliyewaweka hapo alikuwa ghorofani anakula mkate wake kwa raha.

"Mnaona tulivyofanywa?" alisema. "Yeye ameshindwa kazi yake ya kuchagua, akatupa sisi tuchinjane kwa niaba yake. Tusiandike. Tumwambie wote watatu au hakuna, na mpaka hapo hakuna wa kumsikilizia mashine, hakuna wa kumtafsiria, hakuna wa kugusa vali."

Daiva akanyanyua uso. "Hawa wote wananisikiliza. Nikisema wasimame, watasimama."

"Niliwahi kugoma," Clive alisema taratibu. "Wakati huo nilikuwa na nguvu. Wiki hiyo hiyo walileta watu wengine. Sisi watatu tutakosa nafasi, na wale dada wa Timor ndio watakaoambiwa na wakala wasije Jumatatu. Umewauliza wao?"

Atuganile hakuwa amewauliza. Aliwatafuta kwa macho akawaona meza ya mwisho, wanakula wali kwenye bakuli moja, mdogo bado anakohoa.

"Basi tuandike moja," Clive akasema, akamsukumia kalamu. "Andika wewe. Jina lolote utakaloandika, langu, lako, la Daiva, mimi sitapinga."

"Mimi sijasema sitapinga," Daiva alisema. Lakini kalamu hakuigusa.

Atuganile akaishika. Aliwaza bahasha yake ya vyeti. Aliwaza miaka ishirini na minane ya mtu, na ufagio. Aliwaza Daiva akirudi ndani wakati kila mtu anatoka. Kila jina alilolifikiria lilikuwa la haki, na kila moja lilikuwa dhuluma kwa mawili mengine, na ile karatasi tupu nayo ilikuwa na watu arobaini nyuma yake. Mlango wa ngazi ukafunguliwa, Gareth Pell akaingia akitazama saa yake.

Hapo ndipo mimi ninapokomea, kwa maana hapo ndipo kila aliyenisimulia alipoanza kubishana na mwenzake. Ninyi mmesikia yote. Sikio lilijua, ulimi ukawatoa watu, mikono ikafunga. Kuna aliyenyang'anywa, kuna aliyesahauliwa, kuna aliyekataliwa. Na iko ile njia ya kutomwandika yeyote, ambayo bei yake wangelipa hata wasioulizwa.

Kalamu iko mkononi mwako sasa, na meneja yuko mlangoni. Je, wewe ungeandika jina la nani, au ungemrudishia karatasi ikiwa nyeupe?