Kwale wa Mzazi

Inasimuliwa, ndugu zangu, na aliyenisimulia hakuwa mtu wa kuongeza neno, kwamba palikuwa na kijiji cha bara kilichonyimwa mvua mwaka mzima. Mbuzi walikwisha, kuku wakafa kwa kideri, na kitoweo pekee kilichobaki kikawa kwale wa porini. Ndege huyo ambaye miaka ya shibe watoto humfukuza shambani kwa mawe, mwaka ule ndiye aliyewainua wagonjwa vitandani. Watu wa pale wakaafikiana kwamba kwale wa kwanza kunaswa asiliwe na aliyemtega, bali apelekwe kwa mwanamke aliyetoka kujifungua.

Mtegaji wao alikuwa Mzee Mwinyihaji, mcha Mungu mwenye tasbihi isiyotoka mkononi. Watu walijua kwamba ndege anayekutwa amekufa tanzini ni mzoga, hata kisu kikipita shingoni mwake. Hata hivyo, nyama iliyotoka kwa mzee huyu waliila bila kumuuliza.

Kawaida yake ilikuwa kuswali alfajiri msikitini, kuleta nyiradi chache, kisha kuiwahi mitego. Asubuhi moja walikuwamo msikitini wasafiri waliolala hapo, na mzee akahisi macho yao yamemwelekea. Basi akarefusha. Tasbihi ikazunguka na kuzunguka, sauti akaipamba, na chozi nalo likapatikana. Alipoinuka, jua lilikwisha kupanda.

Huko porini alimkuta kwale mmoja, shingo imelegea ndani ya tanzi. Akamdaka, akapiga Bismillahi, akapitisha kisu. Damu ilichuruzika tu, haikuruka. Bawa lilitikisika, au pengine ni mkono wake mwenyewe uliotetemeka. Akajiambia kwamba ndege alikuwa hai, akampeleka kwa Mwanamvua, aliyejifungua mtoto wa kike na maziwa yakawa hayajashuka. Mama mkwe wake, Bi Mosi, alimpokea ndege kwa dua nyingi, naye mzee akaitikia amina akitazama chini.

Nyumbani hakukalika. Alishika jembe akaliweka. Alitoka hadi njia panda, akarudi, akatoka tena. Akijiambia ndege alikuwa hai, moyo ulimwambia amekufa. Mkewe alipomuuliza ana nini, alisema hana kitu, akachukua mtungi kwenda kisimani na kurudi nao mtupu. Alijikumbusha kwamba mwenye kushikwa na njaa kali ameruhusiwa hata mzoga. Lakini Mwanamvua hakuambiwa anachokula, na ruhusa hiyo haikuwa ya mtu mwingine kumchukulia. Alikuwa amefika tena njia panda harufu ya mchuzi ilipomfikia, akakunja kanzu yake na kukimbia.

Alimkuta mzazi ameshika bakuli.

"Usinywe, mwanangu. Ndege yule sina yakini naye. Nahofia nimemchinja amekwisha kufa."

Bi Mosi akamtazama kwa uchungu. "Mtoto analia tangu jana, Mzee. Ungenyamaza, nani angejua?"

Mwanamvua aliuangalia mchuzi kwa hamu iliyo wazi, kisha akaliweka bakuli chini. "Ilikuwaje, babu? Wewe huchelewi mitego yako."

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia tangu asubuhi. Angeweza kulisingizia tanzi kwamba lilikaza mno, na wangeamini.

"Nilikawia msikitini," akasema. "Palikuwa na wageni, nikapenda wanione."

Alingoja alaumiwe, au afarijiwe. Mwanamvua alimnyanyua mtoto wake begani.

"Basi kesho fupisha, babu."

Mchuzi ukamwagwa. Siku ile mzazi alikunywa uji mtupu wa mtama, mtoto akalia, na mzee aliyekuwa jirani yao akaisikia kila sauti.

Kesho yake, imamu alipotoa salamu, Mzee Mwinyihaji alileta nyiradi zake chache akawa wa kwanza kuinuka. Wasafiri wale walikuwa bado wapo. Mmoja akamnong'oneza mwenziwe kwamba kumbe ibada ya mzee huyu ni ya siku moja. Mzee aliyasikia maneno hayo, yakamchoma, akavaa viatu vyake akaenda zake. Kwale alimkuta anapigapiga mbawa, akambeba hai kwapani hadi mlangoni kwa Bi Mosi, akamchinja mbele ya macho yake, na damu ikaruka.

Wanaokisimulia kisa hiki husifu jinsi mzee alivyokiri. Mimi huona kwamba kuusikia ule mnong'ono na kunyamaza kulimgharimu zaidi, kwani siku hiyo Mola wake alikuwa radhi naye na watu hawakujua. Mwenyezi Mungu atujaalie ibada isiyomwacha kiumbe akinyongeka tanzini, wala isiyomnyima mzazi mchuzi wake. Amina.