Wimbo wa Kihenge cha Bi Nyamizi

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na akili nyingi kama nyinyi, kila mmoja alikuwa na kihenge cha nafaka, na kila kihenge kilikuwa na wimbo wake wa siri. Ukiuimba, mlango unafunguka.

Bi Nyamizi, nungunungu muuza togwa, aliweka mtama kihengeni mwake. Mtama ndio togwa, na togwa ndiyo iliyowalisha wanawe. Wimbo aliuficha kwelikweli! Mumewe aliomba, akabembeleza, akanuna, na hakuusikia.

Siku moja akaja Kicheche, kavaa kofia nyekundu.

"Hodi, mama! Hodi, mama! Hodi, mama!"

"Karibu, baba. Watokea wapi?"

"Ofisi ya Vihenge. Kihenge chako kina hitilafu, kitafungwa leo leo."

"Mungu wangu! Nifanyeje?"

"Jambo dogo tu. Niimbie wimbo wako niuhakiki. Ila usimwambie mtu, ni kwa usalama wako."

Ofisi ya Vihenge! Nani aliwahi kuiona? Lakini mtu kavaa kofia, jamani, utamuulizaje? Bi Nyamizi akamwekea kigoda, akamnywesha togwa, akaimba. Kicheche akasema hakusikia vizuri. Akaimba tena. Akasema ubeti wa mwisho umempita. Akaimba mara ya tatu, tena akaomba radhi kwa sauti yake mbovu!

Kulipokucha, kihenge kitupu. Haikubaki hata chenga. Watoto wakadai togwa, mama akalia. Majirani wakaja kumpa pole, yaani kumcheka.

"Mjinga wewe!" akasema Kakakuona.

"Mjinga wewe!" akasema Pimbi.

"Mjinga wewe!" akasema Kanga.

Bi Nyamizi aliona aibu mpaka miiba ikamlala. Kisha hasira zikampanda.

"Haya, wajanja, nikopesheni mtama kidogo wanangu wale. Fungueni vihenge vyenu."

Kakakuona akakumbuka ameacha chungu motoni. Pimbi akashikwa na kikohozi. Kanga akatazama kucha zake.

"Alikuja kwangu juzi," Kanga akanong'ona. "Ningesema, si mngenicheka?"

"Na kwangu," akasema Pimbi.

"Hata kwangu," akasema Kakakuona.

"Mngesema, wanangu wangekula leo!" Bi Nyamizi akafoka.

Mara hodi! Majirani wakajificha nyuma ya mlango. Mgeni alikuwa mwingine kabisa, maana kofia yake ilikuwa ya kijani.

"Pole sana, mama. Natoka Ofisi ya Kurudisha Mtama Ulioibwa. Mtungie mlango wimbo mpya, uniimbie, mtama wako utarudi."

"Ahsante, baba, umenifaa. Nitaimba. Ila niimbie wewe kwanza wimbo wa kihenge chako."

Kicheche akacheka mpaka kofia ikadondoka.

"Mama, unaniona mjinga? Wimbo wa kihenge haimbiwi mtu yeyote!"

"Nani kakuambia?" akauliza Bi Nyamizi, miiba imesimama yote. Majirani wakatoka, wakamzunguka.

Ofisa wetu aliimba wimbo wa kihenge chake, beti zote, bila kuombwa mara ya pili. Kihenge kikafunguka, mtama uliobaki wakagawana, na watoto wakanywa togwa jioni ile.

Hadithi yangu imeishia hapo. Wewe unayecheka pale nyuma, kwako alikuja lini?