Miti Kumi na Miwili ya Sultani

Palikuwa na Sultani aliyetaka kufanya karamu chini ya dari ambayo haijakauka. Ukumbi aliujenga Fundi Ngwali, maskini wa Mungu mwenye kanzu moja na ulimi wa watu saba. Wanawake wa mtaani walikuwa wameipigilia dari ile ya chokaa siku kumi mfululizo, huku wakiimba, na sasa ilikuwa imeshikiliwa kwa miti kumi na miwili. Miti hiyo haiguswi mpaka mwezi upite, hilo mjini kila mtu alilijua. Lakini Sultani keshaalika wageni, na mgeni gani huyo ataketi msituni? Akatoa amri: miti isipotoka Ijumaa, kitatoka kichwa cha Ngwali.

Vibarua wa Ngwali walikuwa watatu. Wasimamizi walikuwa kumi na wawili, wote shemeji na binamu za Sultani. Mmoja alishika kamba ya kupimia, mwingine alimshikia mwavuli mshika kamba. Asubuhi na jioni kila mmoja kwa zamu yake alimshusha Ngwali ngazini aeleze kazi imefikia wapi, na akipanda tena anakuta chokaa imegandia kwenye karai. Kisha wao hao kwa Sultani: dari imekauka zamani, fundi ni mvivu tu. Watu wale wananiudhi mpaka leo, na wote wameshakufa.

Alhamisi Sultani akaja mwenyewe, pamoja na askari wa upanga.

"Watu kumi na wawili wanasema imekauka," akasema. "Wewe peke yako unasema bado. Nimwamini nani?"

"Waamini wao, Maulana. Mimi ni mtu mmoja." Ngwali akaokota nyundo. "Ila waingie waketi chini yake, niing'oe miti wakiona."

Sultani akaona hayo ni maneno ya haki, akawaamuru waingie. Weee, hapo ndipo maradhi yalipoingia mjini. Wa kwanza alishikwa na tumbo. Wa pili mkewe alikuwa anajifungua, naye hajaoa. Wa tatu alikimbilia sala ya adhuhuri, na jua ndiyo kwanza linachomoza. Kufumba na kufumbua, ukumbini kumebaki watu watatu: Sultani, askari na Ngwali.

Sultani akatazama juu. Akarudi nyuma taratibu mpaka mlangoni, akamwashiria askari arudishe upanga alani. Alijua kadanganywa, lakini kulisema hakuweza.

"Karamu nimeshaitangaza. Siiahirishi."

"Usiiahirishe, Maulana. Miti ibaki, wageni wakae katikati yake."

"Na wakiniuliza miti hii inafanya nini ukumbini mwangu?"

"Waambie ndio wasimamizi wako wapya. Wanasimama kutwa kama wale wa zamani, ila hawa wameshika kitu."