Baba Ndoo

Samaki wa Ziwa Rukwa akicheleweshwa njiani huoza. Mahindi yasipowekwa dawa hutobolewa na fukusi yakiwa ghalani. Hata nguo nzuri ya sikukuu ikikaa mno sandukuni huliwa na nondo. Lakini jambo jema mtu alilotenda hubaki. Likisahauliwa hubaki, likichekwa hubaki, na siku yake ikifika hutoka likiwa zima. Wazee waliliona hilo wakasema, wema hauozi.

Huko Litapunga, wilaya ya Nsimbo, aliishi msichana aitwaye Odeta. Baba yake, Didace, alikuwa mkulima wa mahindi na mihogo. Odeta alipokuwa darasa la nne alipenda kuandika kama kuku apendavyo mtama. Daftari likiisha, aliandika kwa mkaa kwenye mlango wa jiko, na mama yake, Générose, alikuwa akiupangusa mlango huo kwa uangalifu asiyafute maneno yale.

Mwaka huo Générose alijifungua kwa upasuaji hospitalini Mpanda. Aliporudi nyumbani na kichanga, aliambiwa asinyanyue kitu kizito kwa miezi mitatu. Baiskeli ya kubebea madumu ya maji ilikuwa imepinda ringi, imeegemezwa ukutani. Basi asubuhi moja Didace alichukua kitenge cha mkewe, akakisokota ngata, akajitwisha ndoo kichwani na kwenda kisimani katikati ya wanawake. Kwao mwanamume huleta maji kwa baiskeli. Kujitwisha ndoo ni kazi ya akina mama na mabinti. Didace hakujali. Alifanya hivyo siku tisa.

Siku ya tisa Mwalimu Maximilian aliwapa wanafunzi insha: "Mtu Ninayempenda." Odeta aliandika ukurasa na nusu. Alieleza jinsi baba yake alivyotembea polepole kama aliyebeba mayai, jinsi maji yalivyomchuruzika shingoni, na jinsi alivyosimama mlangoni akasema, "Mama Odeta, leo mvua imeingia kwa miguu," ili mama acheke kidogo, huku ameshika mshono wake.

Mwalimu Maximilian hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kuchekesha. Aliisoma insha ile mbele ya darasa zima, akaweka daftari kichwani na kuigiza mwendo wa Didace. Darasa likaangua kicheko.

"Baba Ndoo!" Fabrice alipiga kelele kutoka dawati la nyuma. "Nyie, baba yake Odeta ni Baba Ndoo!"

Jina hilo likaenea kama moto wa kiangazi. Jioni Odeta akiwa kwenye mashine ya kusaga, alimwona baba yake akipita barabarani. Vijana wa bodaboda wakamwita, "Baba Ndoo! Akina mama wa kisimani hawajambo?" Odeta hakungoja kusikia jibu. Alikimbia na unga wake, machozi yakimlenga.

Kesho yake baba hakwenda kisimani. Ndoo yake ilikaa tupu karibu na mlango, na wanawake wa jirani ndio waliokuja na maji. Odeta akajisemea moyoni kwamba baba amefukuzwa kisimani, na kwamba aliyemfukuza ni yeye kwa kalamu yake. Hakumuuliza mtu. Alilimeza jambo hilo kama dawa chungu, nalo likakaa tumboni mwake miaka miwili.

Tangu hapo, akipewa insha aliandika mistari mitatu tu: "Ng'ombe ni mnyama. Ana miguu minne. Mwisho." Akigombezwa, alitulia kama maji ya mtungini.

Alipofika darasa la sita, alikuja mwalimu mpya kutoka Kasansa, Mwalimu Romana, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Baada ya wiki chache alimwita Odeta mezani pake.

"Mwanangu, huyu ng'ombe wako nimemwona mara nne sasa. Amechoka. Mwache akalale."

Odeta alitaka kucheka, akajizuia. "Sipendi kuandika, mwalimu."

"Hupendi kuandika, au hupendi kusomwa?"

Odeta akaangalia vidole vyake vya miguu. Mwalimu hakumsukuma. Alifungua mtoto wa meza, akatoa kikasha cha pini.

"Tufanye hivi. Andika unachotaka, kunja ukurasa, ubane kwa pini. Mimi nitaweka alama ya vema juu, kwa sababu umeandika. Ndani siangalii."

"Kweli, mwalimu?"

"Nijaribu."

Odeta alimjaribu kweli. Ndani ya ukurasa wa kwanza aliweka bawa la kumbikumbi, jepesi kiasi kwamba lingeanguka ukurasa ukifunguliwa tu. Daftari likarudi na vema nyekundu juu, na bawa liko palepale. Wiki ya pili, vilevile. Baada ya miezi mitatu daftari lilikuwa limejaa pini kama mgongo wa nungunungu. Na ndani ya kurasa zote zile, bila mtu kujua, alikuwa akimwandika baba yake.

Muhula ulipokaribia kwisha, Mwalimu Romana alimwambia, "Kwenye kikao cha wazazi nataka mtoto mmoja asome kitu alichoandika mwenyewe. Ningependa uwe wewe. Ukikataa tutaimba wimbo, na hakuna atakayejua kwamba nilikuomba."

Odeta alirudi nyumbani na daftari kifuani. Akisoma, baba atachekwa mara ya pili, na safari hii mbele ya kijiji kizima. Asiposoma, pini zile zitapata kutu humo humo. Akaamua kumwomba baba ruhusa.

Alimkuta Didace uani akifuta baiskeli mpya aliyoinunua Mpanda siku hiyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone gari langu!"

Aliigeuza. Nyuma kilining'inia kipande cha mpira cha kuzuia tope, ambacho juu yake watu wa huko huandika maneno wayapendayo: Mungu Ni Mwema, au Maisha Safari. Kwenye mpira wa Didace, kwa rangi ya njano, paliandikwa: BABA NDOO.

"Baba, nani amekufanyia hivi?"

"Nimejifanyia mwenyewe. Mchoraji ameniuliza, 'Mzee, tuandike nini?' Nikamwambia aandike jina langu."

"Lakini wanakucheka!"

"Wanacheka, na mimi nacheka. Wale vijana wa bodaboda niliwaambia, 'Nyie oeni kwanza, ndipo mtajua ndoo ina kilo ngapi.' Mmoja ameoa juzi. Akiniona ananiamkia kwa heshima zote."

"Na kisimani walikufukuza."

Didace akaacha kufuta. "Nani anifukuze? Wale akina mama walisikia habari za insha yako kutoka kwa watoto wao. Hawakujua kwamba mama yako amekatazwa kunyanyua vitu. Walidhani mimi nimechanganyikiwa! Wakaja kuomba radhi, wakapanga zamu ya kutuletea maji. Fundi Nathanael naye akaja kunyoosha ringi ya baiskeli ya zamani bure. Mwanangu, maji yote yale uliyaleta wewe."

Odeta akakaa chini, palepale kwenye tope la maji ya kuoshea baiskeli, akalia. Kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa ndoo kichwani baada ya mwendo mrefu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Si wewe uliyeandika?"

Générose akachungulia mlangoni, mtoto mdogo ameng'ang'ania kitenge chake. "Nyie wawili, mnaosha baiskeli au mnaosha macho?"

Siku ya kikao Odeta alisimama mbele ya wazazi. Alichomoa pini ya kwanza, akaiweka kiganjani mwa Mwalimu Romana. Bawa la kumbikumbi likaanguka taratibu hadi sakafuni. Kisha akasoma, sauti ikitetemeka mwanzoni, baadaye ikanyooka. Alipofika kwenye mvua iliyoingia kwa miguu, watu wakacheka, na Générose akacheka kuliko wote, maana sasa hakuwa na mshono wa kushika.

"Baba Ndoo!" Fabrice akaita kutoka dirishani.

Didace akasimama, akavua kofia. "Nipo!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kelele zilipotulia, Mwalimu Maximilian alimletea Odeta glasi ya maji kwa mikono miwili, akainama kidogo. "Ile insha yako mimi niliisoma vibaya," alisema. "Leo ndiyo nimeisikia. Unisamehe, mwanangu."

Odeta akayanywa maji yale yote. Jioni alimwomba mama mkaa, akaenda kwenye mlango wa jiko, ambako maandishi yake ya zamani yalikuwa bado yanasomeka, na chini yake akaandika maneno mawili: Wema hauozi.