Mshono Chini ya Bawa

Wahenga walisema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Wengi hudhani kwamba methali hii ni ya wenye njaa wanaokodolea sufuria macho. Lakini lipo tumbo lisiloshibishwa kwa chakula, na mwenye kuliumiza mara nyingi si adui. Ni mtu mpole tu, aliyechoka, anayesema "kesho."

Fundi cherehani mmoja alisifika kwa neno hilo. Majirani walimtania kuwa gauni la harusi kwake humalizika bibi harusi akiwa tayari ana wajukuu, wakambandika jina la Njoo Kesho. Hakuwa mvivu. Alikanyaga cherehani kutwa nzima, mgongo ukimwuma na macho yakimwasha, na bado nguo za watu zilirundikana hadi dirishani. Uchovu ulikuwa umemwingia mpaka mifupani.

Mkewe alikuwa na ombi moja tu. Marehemu baba yake alikuwa fundi pia, ila wa jumba la makumbusho: aliwachuna ndege waliokufa, akazijaza ngozi zao pamba, kisha akazishona wakasimama kama wazima. Sasa jumba lilikuwa limeandaa maonyesho maalumu ya kazi za mafundi wake wa kale, na korongo wa mzee yule alikuwemo. Zamani, mke wa Njoo Kesho akiwa mtoto, baba yake alimruhusu atie mshono mmoja chini ya bawa la korongo huyo, kwa uzi mwekundu. Mshono ukaenda upande. Baba alicheka, akakataa kuufumua.

"Nataka niuone kabla macho haya hayajazima kabisa," alimwambia mumewe. Maradhi yalikuwa yakimfunika macho kidogo kidogo, na daktari alikwisha sema kuwa hakuna dawa ya kumrudishia nuru.

"Jumamosi, Mama Watoto," Njoo Kesho alijibu. "Nimalize hizi sare za shule tu."

Sare zikaisha, zikaja suruali. Suruali zikaisha, yakaja mapazia. Kila Jumamosi mkewe alivaa gauni lake la kutokea, akaketi mlangoni na mkoba mapajani, na ilipofika alasiri alilivua, akalikunja. Hakugomba. Ugomvi nao unataka nguvu, na yeye alikuwa amechoka.

Jumamosi moja hakulivaa. Njoo Kesho aliinua uso, akamwona akipapasa ukuta kuutafuta mlango wa jikoni. Moyo ulimpasuka. Aliifunika cherehani, kazi ikiwa nusu, akamshika mkewe mkono wakaenda.

Ngazi za jumba zilikuwa nyingi na magoti yao yalikuwa ya kizee. Waliipita mifupa ya tembo bila kusimama. Chumba cha maonyesho kilikuwa cha mwisho, chenye taa hafifu za kuyalinda manyoya. Korongo alisimama ndani ya kabati la kioo, bawa moja limeinuliwa kidogo. Mke alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.

"Naona weupe," alisema. "Ndiye huyu, au ni taa?"

"Ndiye."

Njoo Kesho alimgeukia msimamizi, binti aliyeketi pembeni. "Mwanangu, huwezi kutufungulia? Aguse tu. Ni kazi ya baba yake."

Uso wa binti ulishuka. "Pole, baba. Mpaka mwezi uliopita tulikuwa tunawafungulia familia za mafundi, wanagusa wapendavyo. Manyoya yakaanza kunyonyoka, tukakatazwa. Mngewahi kidogo tu!"

Neno hilo lilimchoma Njoo Kesho kama sindano chini ya ukucha. Hata macho yangekuwa yamezima, vidole vingetosha. Alipiga magoti sakafuni, akavaa miwani yake ya kazi, akachungulia chini ya bawa. Mishono ya mzee ilikuwa midogo, imejificha vizuri. Halafu akauona.

"Upo!" alisema. "Mwekundu, umepauka. Umeanza vizuri, halafu umekimbilia mkiani kama mbuzi aliyekata kamba. Mteja angenirushia nguo yake usoni!"

Mkewe alicheka kicheko ambacho kilikuwa hakijasikika nyumbani kwao siku nyingi. "Ndio wenyewe! Uzi ulitaka kuniishia, nikavuta."

Kisha kicheko kilikauka. Aliweka kiganja kwenye kioo, pale alipodhani bawa lipo. Halikuwa pale.

"Basi umeuona wewe, Baba Watoto," alisema taratibu, bila hasira. "Aliyetaka kuuona nilikuwa mimi."

Njoo Kesho alitaka kumwambia kuwa watarudi siku nyingine. Neno lake la siku zote lilimfika ulimini, akalimeza. Alibaki pale chini, macho yake mazima yakibubujika machozi. Ama kweli, ngoja ngoja huumiza matumbo.