Tuta la Mkongoroni

Maji hayana mjomba, tuta ndilo lina mjomba. Mmewasikia wakubwa wakisema hivyo hapa mlimani, mkacheka, halafu mkaniuliza neno hilo limetoka wapi. Tulieni basi. Limetoka kwenye matope.

Kwetu Mkongoroni ni bondeni. Mto ukijaa, maji yanaingia, yanakaa, yanatoka. Watu walikuwa wanapanda kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wanasubiri, wakishuka wanapanda mpunga. Hakuna aliyehama.

Mwaka mmoja mwenyekiti, Mzee Ngwele, akaitisha mkutano. Tujenge tuta, maji yasituguse tena. Kila nyumba itoe mtu na jembe, tuanzie juu kwenye migomba yake, tushuke mpaka kwetu. Tukakubali. Udongo wa kule ni mchanga, haushiki, akasema tuchukue wa kwetu, wa mfinyanzi. Basi tukachimba mbele ya milango yetu wenyewe, tukabeba vichwani, na nyimbo juu. Mimi niliacha shule kubeba udongo ule.

Tuta lilipopita migomba tu, kazi ikasimamishwa. Ngwele akasema tutamalizia msimu ujao.

Mvua haikungoja. Maji yakagonga tuta, yakakosa njia, yakatugeukia sisi na mashimo yetu. Madungu yaling'oka na nguzo zake.

Yalipopungua, Ngwele akaja na bwana mmoja kutoka wilayani. Wakatangaza kwamba pale ni mahali pa hatari, wote tupande lori tuhamie mlimani, eneo litagawiwa upya. Watu wakapanda. Bi Somoe, mjane, akakaa kwenye kizingiti chake. Nyumba ilikuwa imebaki ukuta mmoja, lakini shamba lile la mpunga ndilo pekee alilokuwa nalo.

"Bibi, usimlaumu mtu," yule bwana akamwambia. "Hii ni kazi ya Mungu. Maji hayana mjomba."

"Kweli, mwanangu, hayana," Bi Somoe akajibu. "Ila Mungu hakuja hapa na jembe. Nilichimba mimi, kwa kuambiwa na huyu. Migomba yake mikavu, mimi napandishwa lori. Maji hayana mjomba, tuta ndilo lina mjomba."

Ngwele akatazama pembeni. Bi Somoe wakambeba, wakampakia.

Eneo likagawiwa kweli. Shamba la Bi Somoe analilima shemeji yake Ngwele.

Nyie mmezaliwa huku, mnadhani tulifukuzwa na mto. Mtu akiwauliza, mwambieni: maji hayana mjomba, tuta ndilo lina mjomba.