Mlango wa Ummu Jundub

Imepokewa katika habari za watu wa kale kwamba katika mji wa Wasit aliishi mwanamke mchamungu, Lubaba binti Hazim, aliyewasomesha mabinti Qur'ani nyumbani kwake. Jirani yake alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Jundub, na kwa desturi yao mama huyo akiitwa Ummu Jundub, yaani mama yake Jundub. Kijana akajiunga na wanyang'anyi wa misafara, akaua mtu, akakamatwa, akauawa kwa hukumu ya kadhi.

Tangu hapo hakuna aliyempa mama yake mkono wa pole. Kisimani wanawake walijitenga naye. Hata jina lake wakaliacha, wakawa wanamwita "yule".

Lubaba alipojitanda ushungi aende kwake, jirani mwingine, Rabab, akamzuia njiani.

"Bibi Lubaba, ukiingia nyumba ile, mabinti zetu hawatakanyaga kwako tena."

"Hayo ninayowasomesha ndiyo yanayonituma," akajibu, akashika njia.

Akabisha hodi. "Assalamu alaykum, ewe Ummu Jundub."

Kikasikika kilio ndani, na mlango ukafunguka.

"Niite tena hivyo," mama akasema.

Lubaba akamwita tena, wakaketi mkekani. "Nihadithie habari zake, mama yangu."

Akahadithia jinsi Jundub alivyochelewa kusema, alivyopenda tende mbichi, alivyolala kifuani pake siku za homa. "Alichokitenda nakijua, binti yangu. Yule aliyemuua yeye pia ana mama, na kila nikisali namwombea mama huyo. Lakini mikono hii bado inamtafuta mwanangu. Je, nitamwona huko akhera?"

Ilikuwa rahisi kumliwaza kwa ahadi. Lubaba akainamisha kichwa, akasema kweli: "Sijui, mama. Rehema ni ya Mola, si yangu niigawe. Ninaloliweza ni kukaa nawe tumwombe."

Wakainua mikono pamoja hadi adhana ya magharibi.

Mabinti hawakuja kesho yake, wala mwezi ule wote. Lubaba aliwakumbuka mno, sauti zao hasa, ila hakuacha kwenda kwa Ummu Jundub. Mpaka alasiri moja Rabab akatokea pale mlangoni, macho chini.

"Nina kaka kifungoni," akasema. "Sijawahi kumtaja mbele ya mtu. Naomba nikae nanyi."

Ummu Jundub akasogea, akampisha mkekani.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, wako majirani zetu wanaotamani salamu tu. Mola atujaalie miguu ya kuwafikia.